Ndogo ya kutazama, kubwa ya kutunza: jinsi ya kutuma video ya familia bila kumaliza bando

Harusi imefanyika Mikumi, dada wa bwana harusi yuko Muscat. Babu ameongea na ukoo Kilosa mjini, wajukuu wako Dar es Salaam na Mwanza. Wote wanasema neno moja: tutumieni video. Aliyerekodi anabonyeza kutuma, duara linazunguka, muda unapita, kisha unaingia ujumbe kwamba bando limekwisha. Video haijafika.

Wasikilizaji wengi wanatuuliza kuhusu jambo hili, kwa hiyo tumeamua kuliandika ili ulisome taratibu na kulirudia. Kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza, video inaweza kupunguzwa sana na mtazamaji wa simu asione tofauti kubwa. La pili, ambalo watu wengi hulisahau, ile iliyopunguzwa isije ikawa ndiyo pekee iliyobaki.

Kwa nini video ni nzito

Video ni picha nyingi zinazofuatana haraka. Simu nyingi hupiga picha 30 kila sekunde, yaani picha 1,800 kwa dakika moja. Kwenye ubora unaoandikwa 1080p au FHD, kila picha ina nukta zaidi ya milioni 2. Kama zote zingehifadhiwa zilivyo, simu ingejaa kabla bibi harusi hajatoka ndani.

Kwa hiyo simu hubana video tangu inaporekodi. Huhifadhi picha moja kamili, kisha kwa zinazofuata huandika yale yaliyobadilika tu. Babu akikaa kwenye kigoda chini ya mwembe, mti haubadiliki. Kinachobadilika ni midomo na mikono yake. Lakini ngoma ikikolea, vumbi likatimka na watu hamsini wakacheza, karibu kila nukta inabadilika. Ndiyo maana video ya mtu aliyekaa hubanika vizuri, na ya ngoma ikibanwa mno hugeuka ukungu na vipande vipande.

Kutikisika kwa mkono nako kunaongeza mzigo, kwa sababu simu ikitikisika kila kitu kwenye picha kinasogea. Egemeza simu kwenye meza, dirisha au bega la mtu. Picha itakuwa nzuri na itabanika vizuri.

Tuweke vipimo. Kampuni ya Apple inaeleza kwamba iPhone ikirekodi kwa 1080p, picha 30 kwa sekunde, hutumia takribani MB 60 kwa dakika kwa mfumo mpya wa kubana na takribani MB 130 kwa mfumo wa zamani. Ukipanda hadi 4K, dakika moja hufika MB 170 kwa mfumo mpya. Simu nyingi za Android zinazotumia mfumo wa zamani haziko mbali na hizo MB 130. Video ya dakika 20 kwa kiwango hicho ni MB 2,600, yaani GB 2.6.

Hesabu ndogo ya kukusaidia

Programu za kubana video hukuuliza mambo mawili: ukubwa wa picha, kama 1080p, 720p au 480p, na megabiti ngapi zitumike kwa kila sekunde. Usichanganye megabiti na megabaiti. Megabiti 8 ndizo megabaiti moja, ile MB ya kwenye bando lako.

Kanuni ni hii: chukua megabiti kwa sekunde, zidisha kwa 7.5, utapata MB kwa dakika. Kwa video ile ile ya dakika 20:

- Ya asili, 1080p: takribani MB 2,600.
- 720p kwa megabiti 2 kwa sekunde: takribani MB 300.
- 480p kwa megabiti 1 kwa sekunde: takribani MB 150.
- Sauti peke yake, ya maongezi: takribani MB 10.

Huo mstari wa mwisho sisi wa redio tunaupenda. Kama kilicho muhimu ni maneno, kwa mfano nasaha za mama au historia ya ukoo, sauti inafika haraka hata kijijini ambako mtandao unashikia juu ya kilima tu. Unaweza kutuma sauti leo, na video ikafuata baadaye.

Hatua za kufuata

*Kwanza, kata.* Video ya dakika 20 mara nyingi ina dakika 12 za watu wakisubiri. Fungua video kwenye sehemu ya picha za simu yako, bonyeza kuhariri, vuta mwanzo na mwisho, kisha hifadhi kama nakala mpya. Hakikisha ni nakala, usihifadhi juu ya ile ya asili. Kukata hakupunguzi ubora unaoonekana, na ndiyo njia rahisi kuliko zote.

*Pili, gawa.* Vipande vitano vya dakika mbili mbili hufika vizuri kuliko kimoja cha dakika kumi. Mtandao ukikatika, unarudia kipande kimoja tu. Vipe namba na majina, mfano "Harusi Mikumi 1", "Harusi Mikumi 2", ili bibi asiangalie keki kabla ya ndoa.

*Tatu, bana nakala.* Kwenye simu zipo programu nyingi za kubana video. Chagua yenye watumiaji wengi, na uikatae inayotaka kusoma majina yako ya simu au ujumbe wako, kwa sababu kubana video hakuhitaji hayo. Kwenye kompyuta ipo HandBrake, programu ya bure isiyoweka maandishi yake juu ya video. Ukienda steshenari, mwambie fundi akutolee nakala ya 720p. Kama video ni ya faragha, kaa hapo mpaka amalize, kisha ahakikishe ameifuta kwenye kompyuta yake.

*Nne, itazame kabla ya kutuma.* Fungua nakala iliyobanwa, angalia nyuso na usikilize sauti. Kama maneno hayasikiki au nyuso zimekuwa ukungu, umebana kupita kiasi.

Je, urekodi kwa ubora mdogo tangu mwanzo? Kwa salamu za kawaida ndiyo, weka kamera kwenye 720p na utaokoa nafasi. Kwa jambo la mara moja maishani, kama ndoa au maneno ya mzee mgonjwa, rekodi kwa 1080p. Kubwa unaweza kuipunguza kesho, lakini ndogo huwezi kuirudishia nukta ambazo hazikurekodiwa.

WhatsApp ina milango miwili

Ukituma video kwa njia ya kawaida, WhatsApp yenyewe huibana ili iende haraka. Inatosha kwa kutazama. Lakini ukibonyeza alama ya kuambatanisha na kuchagua sehemu ya dokumenti, video hupita kama ilivyo bila kubanwa. Tangu mwaka 2022 njia hiyo inapokea faili la hadi GB 2. Telegram nayo inapokea hadi GB 2 kwa mtumiaji wa kawaida.

Kwa hiyo ukitaka ndugu *aone*, tumia mlango wa kawaida. Ukitaka *atunze*, tumia dokumenti, tena mkiwa mmekubaliana, na ikiwezekana yeye awe kwenye Wi-Fi.

Jihadhari na mzunguko. Mtu akichukua video iliyobanwa, akaiweka stetasi, mwingine akairekodi kutoka hapo na kuituma tena, ubora hushuka kila hatua, kama fotokopi ya fotokopi. Stetasi yenyewe huondoka baada ya saa 24. Hiyo si sehemu ya kutunzia kitu.

Bando la anayepokea nalo ni pesa

Huwa tunafikiria gharama ya anayetuma tu. Lakini shangazi wa Kidodi anayepokea MB 300 kutoka kwa mwanawe aliyeko Muscat, naye analipa MB 300. Na kama yuko kwenye kundi la familia, simu yake inaweza kupakua video za wote bila kumuuliza.

Msaidie hivi: fungua WhatsApp kwenye simu yake, ingia kwenye mipangilio, kisha sehemu ya hifadhi na data, halafu zima upakuaji wa moja kwa moja wa video anapotumia data ya simu. Kuanzia hapo video itakuja na ukubwa wake umeandikwa, naye ataamua mwenyewe.

Adabu nzuri ni kutanguliza ujumbe: "Mama, nakutumia video ya dakika tatu, ni MB 40." Anayejua kinachokuja hujipanga.

Usidharau basi

Kama ndugu wako Tanzania hii hii, si lazima kila kitu kipite hewani. Mikumi iko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya, na mabasi hupita mchana na usiku. Memori kadi ya GB 32 inabeba video kama ile ya GB 2.6 zaidi ya kumi, zikiwa na ubora wake wote. Ifunge vizuri, itume kama kifurushi chenye risiti, na usifute zako mpaka mpokeaji afungue video na kuthibitisha zinacheza hadi mwisho. Sokoni kuna memori kadi bandia zinazoandikwa GB nyingi kuliko uwezo wake. Zikijaa, mafaili huharibika.

Na ndugu akija kwa Idi au Krismasi, mpe nakala mkiwa mmekaa pamoja. Quick Share na Xender huhamisha video kati ya simu mbili zilizo karibu bila kula bando.

Ya asili ibaki, na isibaki sehemu moja

Sasa tufike kwenye lile jambo la pili. Simu ikijaa, mtu hufuta video kubwa kwanza, akijisemea kwamba si tumeshaituma kwenye kundi. Iliyoko kwenye kundi ni ile ndogo. Siku mzee akiondoka, familia inaitafuta sura yake na kukuta ukungu. Hakuna fundi wa kuirudisha.

Sisi wa Kilosa tuna sababu nyingine. Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, maelfu ya watu walipoteza makazi na kuhamia kambini. Nyumba ikiingia maji, albamu, simu na memori kadi iliyo kabatini vyote viko chini ya maji hayo hayo.

Kwa hiyo weka nakala ya asili sehemu mbili zisizo chini ya paa moja. Moja iwe kwenye memori kadi au flashi nyumbani. Ya pili iwe kwa ndugu wa mbali, au kwenye akaunti ya Google, ambayo hutoa GB 15 bure kwa barua pepe, picha na mafaili yako yote kwa pamoja. Ukitumia Google Photos, hakikisha umechagua ubora wa asili, kwa sababu chaguo la kuokoa nafasi hupunguza ubora. Ukituma kiungo, chagua watu watakaoweza kukifungua. Usikiache wazi kwa yeyote atakayekipata, hasa kama kwenye video kuna watoto au maneno ya urithi.

Ukiliangalia hivyo, ndugu aliyeko Muscat au Mwanza hasubiri tu kutumiwa. Yeye ndiye ghala la pili la familia. Mchagueni mmoja anayeaminika, mwambieni wazi kwamba kazi yake ni kutunza, na kila mwaka mumwombe afungue mafaili aone kama bado yanacheza.

Kama kuna hatua imekukwama, tuandikie aina ya simu yako na urefu wa video. Tutayajibu maswali hewani, na kama ni mengi tutaandika tena hapa.