Ngome ya Chini ya Bahari

Mwezi wa Aprili 2019, Bwana Danny Faure, aliyekuwa Rais wa Shelisheli, aliteremka kwa nyambizi ndogo zaidi ya mita 120 chini ya bahari, na kutoka huko akauhutubia ulimwengu akitaka bahari ilindwe. Wako waliokiona kitendo hicho kuwa kioja. Lakini jirani zetu hao wa visiwani walikuwa na sababu nzito.

Ndugu wasikilizaji, matumbawe tunayoyafahamu ni yale ya maji mafupi. Chini yake, tangu mita 30 hadi 150 hivi, ambako mwanga wa jua hufika kwa uhaba, yapo matumbawe mengine, ambayo ni makao ya samaki wengi. Joto la bahari lilipoangamiza sehemu kubwa ya matumbawe ya juu ya Shelisheli mwaka 1998, ilikuwapo sababu ya kutumaini kwamba yale ya chini ni ngome ya akiba.

Tumaini hilo limetikiswa. Mwishoni mwa mwaka 2019, huko visiwa vya Chagos, maji ya vuguvugu yalisukumwa chini kupita kawaida. Joto la kilindini likapanda kutoka nyuzi 22 hadi 29. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Plymouth walikuta matumbawe yamepauka hadi mita 90, na mahali pengine asilimia 80 yameathirika, hali yale ya juu hayakuonyesha dalili yo yote. Adui alipita chini ya mlinzi. Na badiliko hilo hilo la bahari ndilo lililochangia mvua za mafuriko Afrika Mashariki wakati ule.

Hata hivyo, wataalamu waliporudi mwaka 2020 na 2022, walikuta sehemu kubwa imepona. Hapo ndipo penye fundisho. Tumbawe lililochoshwa na joto hupona likiachwa. Likiburutwa na nanga, au kunaswa na nyavu zilizotupwa, halina nafasi hiyo. Mwaka 2019 zaidi ya tani 20 za takataka ziliondolewa kisiwani Aldabra, nyingi zikiwa zana za uvuvi.

Mwezi wa Machi 2020 Shelisheli ilitenga asilimia 30 ya bahari yake, zaidi ya kilomita za mraba 400,000. Ni eneo kubwa mno kwa taifa la watu wapatao laki moja.

Sheria bila doria ni karatasi tu. Askari wa majini hawezi kulikamata joto, lakini aweza kuikamata meli ya mwizi. Akifanya hivyo, ngome ile hupata muda wa kujijenga upya.