Injini mpya, kifaa siyo: Kagua kabla haijagusa maji

RUMONGE – Injini mpya ya boti ikishushwa bandarini Rumonge kutoka Kigoma, mwenye mali huwa na haraka. Boksi linapasuliwa, injini inafungwa nyuma ya boti, na usiku huohuo inakwenda kutafuta ndagala, ambao Kigoma wanawaita dagaa. Kosa likigunduliwa asubuhi, mnunuzi amekwishapunguza nguvu ya madai yake.

Makosa mawili ni rahisi kupita bila kuonekana. La kwanza ni pangaboi lisilolingana na kazi. Pangaboi huwa na namba mbili kwa inchi: upana wake, na umbali ambao lingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Namba hii ya pili ikiwa kubwa mno kwa boti ya mizigo, injini hulemewa. Ikiwa ndogo mno, injini huzunguka kupita kiasi na mafuta huteketea bure.

La pili ni mguu wa injini. Injini nyingi huja na mguu mfupi wa inchi 15 au mrefu wa inchi 20. Mguu mfupi kwenye boti yenye ubao wa nyuma ulio juu huacha pangaboi karibu na uso wa maji. Wimbi likipanda, pangaboi huvuta hewa, maji ya kupoza hukosa kuingia, na injini inaweza kuchemka. Usiku katikati ya Tanganyika, hiyo si hasara ya fedha tu.

Uamuzi hutegemea kosa. Pangaboi hufunguliwa na kubadilishwa: muuzaji atume jingine kwa boti inayofuata, au apunguze bei. Mguu ni jambo jingine. Fundi anaweza kuukata ubao wa nyuma ili ulingane, lakini ubao ukishuka, wimbi la nyuma huingia kwa urahisi. Hapo ni heri injini nzima irudi.

Sheria ya Tanzania ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 214, inamruhusu mnunuzi kukagua bidhaa na kuikataa isipolingana na maelezo aliyouziwa. Akiitumia kama mali yake, au akikaa nayo kimya muda mrefu, huhesabiwa ameikubali. Hubaki kudai fidia tu. Kwa hiyo picha ya boksi, namba ya injini na ujumbe kwa muuzaji viende siku hiyohiyo, na risiti itaje aina ya injini pamoja na urefu wa mguu.

Mpakani nako kuna mtego. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Injini ya Japani haigeuki ya Jumuiya kwa kununuliwa Kigoma. Kabla ya kuirudisha, maofisa wa OBR waandike namba yake na sababu ya kutoka, na TRA vivyo hivyo ng'ambo. Bila karatasi hizo, injini itakayoletwa badala yake inaweza kuonekana mzigo mpya na kudaiwa ushuru tena.

Mwezi unapong'aa, taa za wavuvi hazivuti ndagala na boti nyingi hupumzika. Siku hizo ndizo za kupokea injini, kusoma namba zake na kuupima mguu kwa futi. Ikilazimika kurudi, hakuna usiku wa kazi unaopotea.