Cheti cha chuo kikuu juu ya kujumuisha watu wote: kina faida gani kwa Kanisa?



Siku hizi vijana wetu waliomaliza masomo, walimu wa shule za kanisa, na hata wachungaji wenzetu wanatuuliza juu ya vyeti vifupi vya chuo kikuu vinavyosomwa kwa intaneti. Kimoja kinachotajwa mara nyingi ni kile cha utofauti na ujumuishi, yaani elimu ya kufanya mahali pa kazi, shule au kanisa pawe mahali ambapo watu wa aina zote wana nafasi ya kweli. Wengine wanataka kujua kama cheti hicho kitawafungulia mlango wa kazi katika mashirika. Wengine wana hofu kwamba ni mafundisho ya kigeni. Na kuna wazee wa kanisa wanaouliza kama ni halali sadaka ya washiriki imlipie mtu kusoma jambo hilo. Tunapenda kuyajibu maswali hayo kwa utaratibu.

Cheti hiki ni kitu gani?

Cheti si digrii. Katika mfumo wa LMD unaofuatwa sasa katika nchi yetu, licence inachukua miaka 3 na master miaka 2 baada yake. Cheti kifupi kinachukua wiki au miezi. Kinashuhudia tu kwamba mtu amesoma somo fulani na kumaliza mazoezi yake. Hakimpandishi ngazi ya masomo, na hakimfanyi kuwa mwalimu wa chuo.

Programu nyingi za aina hii zina mizizi Marekani. Huko, sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 ilikataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya rangi, dini, jinsia au asili yake. Makampuni yakaanza kuwafundisha wakubwa wao wa kazi jinsi ya kuepuka ubaguzi, na baadaye vyuo vikuu vikaingia katika kazi hiyo. Cornell, chuo kikuu kilichoko katika jimbo la New York, kimewahi kutoa cheti chenye masomo mafupi juu ya upendeleo tusioutambua, na juu ya kujenga mazingira ambapo kila mfanyakazi anasikilizwa. University of South Florida ilitoa mwaka 2021 cheti cha wiki 7 bila malipo.

Lakini huko kwenyewe jambo hili limekuwa mvutano wa siasa. Mwaka 2023 jimbo la Florida lilipitisha sheria ya kuzuia vyuo vyake vya serikali kutumia pesa ya umma kwa programu za namna hiyo. Mwezi wa kwanza 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kuzifunga katika serikali kuu. Ndiyo maana ndugu mmoja anaweza kutuambia: Wamarekani wenyewe wanaacha, sisi tunakimbilia nini? Jibu letu ni kwamba swali lenyewe halikuzaliwa Marekani. Kanisa la kwanza lilikutana nalo Yerusalemu, na sisi tunakutana nalo kila Jumapili.

Mambo matatu yanayofundishwa

La kwanza ni tofauti kati ya kuwepo na kushiriki. Kanisa linaweza kujaa watu wa makabila kumi, wazee na vijana, wenye kuona na wasioona. Huo ni utofauti. Ujumuishi unaanza pale tunapouliza: kati yao nani anasema katika kikao, nani anashika sanduku, nani anachaguliwa kwenda semina? Wamama wanaweza kuwa wengi katika viti na wachache sana katika komite.

La pili ni tofauti kati ya kuwapa wote kitu kilekile na kumpa kila mtu anachohitaji ili afike. Tukitangaza kwamba mlango uko wazi kwa wote, na mbele ya mlango kuna ngazi tano, mwenye kiti cha magurudumu amebaki nje. Hakuna aliyemfukuza, lakini jengo limemfukuza. Wajenzi wana kanuni kwa ajili hiyo: kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji mteremko wa sentimita 12. Kwa ngazi zenye kimo cha sentimita 30, mteremko unakuwa wa mita 3 na sentimita 60. Hiyo ni simenti, mchanga na mawe, vitu ambavyo parokia nyingi zinaweza kuvipata.

La tatu ni upendeleo tusioutambua. Mtu anaweza kumpenda Mungu kwa kweli na bado, anapotafuta mtunza hazina, macho yake yanawaona kwanza watu wa kijiji chake. Hana nia mbaya; amezoea. Masomo haya yanamfundisha kutotegemea nia njema peke yake, bali kuweka taratibu: kutangaza nafasi mbele ya wote, kuandika sifa zinazotakiwa kabla ya kutaja majina, na kuhesabu matokeo.

Mitume walifanya nini?

Tusome tena Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane waliosema Kiyunani walisahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku, na watu wao wakanung'unika. Mitume hawakuwaambia wanyamaze kwa ajili ya umoja. Hawakusema kwamba kulalamika ni roho ya mafarakano. Waliita mkutano, wakaeleza sifa za watu wanaohitajika, wakaacha mkutano uchague, kisha wakawawekea mikono.

Tuangalie majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Wafafanuzi wengi wa Biblia wanaona hapo kwamba kazi ya kugawa ilikabidhiwa kwa watu wa upande ule uliokuwa umesahauliwa. Na Nikolao hakuwa Myahudi kwa kuzaliwa. Alikuwa mwongofu kutoka Antiokia. Luka anaongeza kwamba baada ya hayo hesabu ya wanafunzi iliongezeka sana. Malalamiko yalisikilizwa, utaratibu ukabadilishwa, Neno likaenea.

Hapo ndipo tunapoona faida kubwa ya kusoma. Makanisa yetu yanajua huruma. Tunajua kumchangia kipofu, kumtembelea mjane, kuwapa Batwa nguo wakati wa Noeli. Lakini huruma inaweza kumwacha mtu palepale alipokuwa, akipokea kila mwaka na asiulizwe neno hata siku moja. Mefiboshethi, aliyelemaa miguu yote miwili, hakuletewa chakula Lo-debari. Daudi alimwita akae mezani pake. Masomo mazuri yanatufundisha kupanga meza.

Tunayo sheria yetu wenyewe

Anayesoma kwa mwalimu wa mbali atapata mifano ya makampuni ya Marekani. Ni lazima aijazie mambo ya kwetu. Katiba yetu ya 2006 inakataza ubaguzi katika kifungu cha 13, na kifungu cha 14 kinadai nafasi ya mwanamke katika uongozi wa nchi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwezi wa kwanza 2009 inamwadhibu kwa kifungo cha mwaka 1 mpaka 3 mtu anayemshitaki mtoto kuwa mchawi. Neno hilo linatugusa sisi watu wa kanisa, kwa sababu watoto wengi wameshitakiwa katika vyumba vya maombi. Sheria ya tarehe 3 mwezi wa tano 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu, na ile ya tarehe 15 mwezi wa saba 2022 inalinda haki za Batwa, Bambuti na ndugu zao wa msituni. Ni wachungaji wangapi wamezisoma sheria hizo? Cheti ambacho hakimfikishi mwanafunzi wa Kongo hapo kimemwacha njiani.

Upande wa teolojia pia Afrika haiko nyuma. Mtandao wa EDAN, unaotetea watu wenye ulemavu ndani ya makanisa, ulizaliwa kwenye mkutano mkuu wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni huko Harare mwaka 1998, na kwa miaka mingi uliongozwa kutoka Nairobi na Mkenya Samuel Kabue, mtu asiyeona. Mtandao huo umesaidia vyuo vya teolojia vya Afrika kuingiza somo la ulemavu katika mafundisho ya wachungaji.

Swali la imani

Wengi wanauliza: je, masomo haya hayatatulazimisha kukubali mafundisho juu ya ndoa yanayopingana na Maandiko? Ni kweli kwamba programu za nchi za Magharibi zinazungumzia pia mambo ya jinsia na mapenzi kwa namna ambayo makanisa yetu hayaikubali. Mwanafunzi Mkristo atayasikia, atayapima, na atajibu kwa heshima. Kusoma si kutia sahihi. Rafiki watatu wa Danieli walisoma elimu ya Wakaldayo na hawakuinama mbele ya sanamu. Lakini tusitumie swali hilo moja kama pazia la kufunika mengine yote. Hakuna fundisho la Kanisa linalomzuia mama kusema katika kikao, au kiziwi kuelewa mahubiri. Wala hakuna linaloturuhusu kumtukana au kumpiga mtu yeyote.

Kabla ya kulipa minervali

Tunawashauri wanaotaka kujiandikisha waulize mambo haya. Chuo chenyewe kinatambuliwa na serikali ya nchi yake, au ni jina tu kwenye intaneti? Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na mega za kila wiki? Vyeti vingine ni bure, vingine ni maelfu ya dola, na bei kubwa haithibitishi ubora. Masomo yanatolewa kwa lugha gani? Kuna mwalimu anayesahihisha kazi, au ni video tu? Na mwisho, mwanafunzi anaombwa kufanya kazi ya vitendo mahali anapoishi?

Kwa wazee wanaouliza juu ya sadaka, tunasema: ni halali, kwa sharti moja. Anayetumwa arudi na kazi mkononi. Kabla ya kuanza masomo, akubaliane na komite ya parokia juu ya jambo moja atakalolichunguza, na baada ya masomo alete taarifa mbele ya kanisa.

Vyuo vyetu vikuu vya Kiprotestanti, kama ULPGL ya Goma, UEA ya Bukavu na UPC ya Kinshasa, vina walimu wanaojua nchi hii. Tungefurahi kuona cheti cha namna hii kikitengenezwa kwetu, na wachungaji wa vijijini wakikisoma kwa Kiswahili.

Tunaweza kuanza Jumapili hii

Asiye na pesa ya cheti achukue daftari. Ahesabu wamama, vijana na makabila katika komite. Atembee kutoka barabarani mpaka kwenye kiti kama mtu anayetumia magongo, na afike hata chooni. Aulize kama matangazo yanayosomwa kwa Kifaransa yanaeleweka na bibi wa mstari wa nyuma, na kama waliokimbia vita wakafika kwetu wana mtu wa kuwatafsiria mahubiri. Aandike ni nani aliyekuwa anakuja zamani na sasa haji tena, kisha aende nyumbani kwake, akae, na amuulize kwa nini.

Daftari hilo liletwe katika kikao cha wazee, na kikao kichague jambo moja la kubadilisha kabla ya Pasaka. Bwana atusaidie kuwaona wale ambao tumezoea kutowaona.