Jinsi tarakilishi za kihistoria zinavyoishia jaani

MNAMO Aprili 2015, mwanamke mmoja aliyekuwa amefiwa na mumewe alifika katika kituo cha kukusanyia vifaa vya kielektroniki vilivyotupwa mjini Milpitas, jimbo la California, Marekani. Alishusha masanduku ya makorokoro aliyoyatoa katika gereji ya nyumba yake, akakataa kupewa risiti, akaenda zake bila kuacha jina wala nambari ya simu.

Masanduku hayo yalikaa majuma kadhaa kabla ya wafanyakazi kuyafungua. Ndani yake walikuta Apple-1, mashine ya kwanza kabisa kuuzwa na kampuni ya Apple. Mkusanyaji wa vitu vya kale aliinunua kwa dola 200,000 (takriban Sh19 milioni wakati huo). Kwa kuwa desturi ya kituo hicho ni kugawana mapato nusu kwa nusu na aliyeleta kifaa, kilianza kumsaka mama huyo kupitia vyombo vya habari ili kimkabidhi dola 100,000 zilizokuwa haki yake.

Asilaumiwe. Apple-1, iliyobuniwa na Steve Wozniak na kuanza kuuzwa mwaka wa 1976 kwa dola 666.66, haikuwa na kasha, kibodi wala skrini. Mnunuzi alipewa bodi moja ya kijani iliyojaa chipu, na mengine akajitafutia mwenyewe. Mtu asiyeijua angedhani ni kipande kilichong’olewa katika redio mbovu.

Mashine takriban 200 pekee ndizo zilizoundwa. Lakini uchache huo si sababu pekee ya thamani yake. Apple II ilipoingia sokoni mwaka wa 1977, kampuni yenyewe iliwashawishi wateja warudishe mashine zao za kwanza ili wapate nafuu katika bei ya mpya, na zile zilizorudishwa zikaharibiwa. Wakati huo lilikuwa jambo la busara, kwani ni nani anayependa kuendelea kuhudumia bidhaa iliyopitwa na wakati? Miaka 37 baadaye, Oktoba 2014, makavazi ya Henry Ford yalilipa dola 905,000 katika mnada ili kupata moja kati ya zilizonusurika.

Kisa hiki kinafichua jambo ambalo wakusanyaji wa mashine kuukuu hulijua vyema. Kifaa hakiwi adimu kwa sababu kilitengenezwa zamani. Huwa adimu kwa sababu karibu kila aliyekuwa nacho alikitupa. Kuna kipindi ambapo mashine imeshapoteza manufaa lakini haijapata heshima ya ukale, na ni katika kipindi hicho ambapo nyingi huangamia.

Apple ilirudia mtindo huo mwaka wa 1989. Tarakilishi yake ya Lisa, iliyozinduliwa mwaka wa 1983 kwa dola 9,995, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuuzwa kwa umma zikiwa na picha ndogo za kubofya na kipanya. Bei yake iliwatisha wanunuzi. Mwishowe, takriban Lisa 2,700 ambazo hazikuuzwa zilizikwa katika jaa la mji wa Logan, jimbo la Utah, kwa kuwa sheria za ushuru zilifanya kuziharibu kuwe na faida kuliko kuziweka.

Kampuni ya michezo ya video ya Atari ilikuwa imefanya vivyo hivyo Septemba 1983, iliposafirisha malori ya bidhaa hadi jaa la Alamogordo, New Mexico, ikazifukia na kumwaga saruji juu yake. Miongoni mwazo kulikuwa na mchezo wa E.T., ambao mtayarishaji wake alipewa takriban majuma matano tu kuukamilisha. Kwa miaka mingi watu walibishana iwapo mazishi hayo yalifanyika au ni porojo. Aprili 26, 2014, jaa lilifukuliwa na kaseti za michezo hiyo zikatolewa, baadhi zikiwa bado katika maboksi yake. Manispaa iliuza mamia yake na kupata zaidi ya dola 100,000. Moja iko katika makavazi ya Smithsonian.

Hata vyombo vya safari za mwezini havikusalimika. Katikati ya miaka ya 1970, mkazi mmoja wa Houston, Texas, alinunua shehena ya vyuma chakavu vya shirika la anga za juu, NASA. Ndani ya shehena hiyo kulikuwa na tarakilishi ya kuongozea chombo cha Apollo, iliyowahi kutumika katika majaribio ya chombo cha kutua mwezini yaliyofanyiwa hapa duniani. Kumbukumbu yake ya kazi ilikuwa takriban kilobaiti nne tu. Aliihifadhi kwa zaidi ya miaka 40, na kati ya 2018 na 2019 kikundi cha wahandisi kikaifufua hadi ikafanya kazi tena, wakati dunia ikiadhimisha miaka 50 ya binadamu kukanyaga mwezi.

Hatari kubwa kwa mashine kama hiyo ni mizani. Mnunuzi wa vyuma chakavu hupima kilo, na bodi za zamani humvutia kwa sababu viungo vyake vilipakwa dhahabu nyingi kuliko za siku hizi. Chipu nyeupe za kauri zenye miguu ya dhahabu, ambazo mkusanyaji angezilipia pesa nyingi zikiwa mahali pake, hung’olewa na kutumbukizwa katika asidi. Kinachobaki ni chembe ya madini isiyofikia bei ya mashine nzima hata kwa mbali.

Njia moja nyepesi ya kutambua umri wa bodi ni kusoma maandishi yaliyo mgongoni mwa chipu. Aghalabu huwa na tarakimu nne, ambapo mbili za kwanza ni mwaka na mbili za mwisho ni juma. Kwa mfano, 7624 ina maana kuwa chipu ilitengenezwa katika juma la 24 la mwaka wa 1976. Rangi ya kasha haisaidii sana, kwani plastiki nyingi za miaka ya 1980 huwa zimegeuka manjano, iwe mashine ni adimu au la.

Anayeokota kifaa cha aina hii hapaswi kukichomeka katika umeme papo hapo. Skrini za kale zenye kioo kizito nyuma huweza kubaki na umeme wa kudhuru hata baada ya kuzimwa, na kioo chake kina madini ya risasi. Batri ndogo zilizosahaulika juu ya bodi nazo huvuja na kula nyaya nyembamba polepole. Ukarabati mwingi huanza kwa kuiondoa batri hiyo.

Sheria nayo ina neno. Katika kesi ya mwaka 1988, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa mtu hawezi kudai usiri kwa taka alizoziacha kando ya barabara ili zizolewe. Uamuzi huo ulihusu polisi waliopekua mifuko ya mshukiwa, lakini funzo lake linamgusa yeyote anayetupa tarakilishi ikiwa na diski yake: barua na hesabu zake huenda pamoja na mashine.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikadiria kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka wa 2022, na ni asilimia 22.3 pekee iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Sehemu nyingine huvuka bahari zikiitwa vifaa vya mitumba. Katika jaa la Dandora, Nairobi, lililofunguliwa mwaka wa 1975, hakuna anayetafuta Apple-1. Waokotaji hutafuta shaba, nao huipata kwa kuchoma nyaya hadi plastiki iyeyuke. Utafiti wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, uliotolewa mwaka wa 2007 ulipima watoto 328 wanaoishi karibu na jaa hilo na kugundua kuwa nusu yao walikuwa na risasi katika damu iliyofikia au kupita kiwango kinachokubalika. Si risasi yote hiyo iliyotoka katika vifaa vya umeme, lakini skrini na batri ni miongoni mwa vyanzo vyake.

Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawawajibisha watengenezaji na waagizaji bidhaa kugharimia uzoaji wa bidhaa hizo zinapochakaa. Anayetaka kuiaga tarakilishi yake kuukuu anaweza kuipeleka katika vituo maalumu vya kuchakata vifaa hivyo, akiwa ameitoa diski kwanza na kusoma tarakimu zilizo mgongoni mwa chipu.