Auni kwa Wanaouguza Wazee Waliopotewa na Kumbukumbu

Katika vilima vya Birongo, kaunti ya Kisii nchini Kenya, na kote Kisii na Nyamira penye migomba na michai, mtu anayemuuguza mzazi aliyepotewa na kumbukumbu hubeba taklifu mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ya maradhi yenyewe, ambayo walezi wa kila nchi wanaijua. Na ya pili ni ya tuhuma, kwa kuwa kuamka usiku wa manane, kutangatanga pasi na nguo kamili, kuingia boma la jirani na kushindwa kueleza kilichompeleka huko, ni mambo yale yale ambayo tangu zama za mababu watu wa sehemu hizi wameyahesabu kuwa ni ya mchawi, omorogi. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti hii hii ya Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa na kundi la watu kwa tuhuma za uchawi. Na Mei 2008, katika iliyokuwa Wilaya ya Kisii ya Kati, watu 11 walichomwa moto kwa sababu hiyo hiyo. Mzee mwenye demensia, yaani maradhi haya ya kupotewa na kumbukumbu, anayefungua mlango usiku katika nchi iliyopitia misiba hiyo, yuko katika hatari ambayo tabibu hawezi kuiondoa kwa cheti peke yake.

Kwa hiyo, mlezi wa Birongo anaponiuliza aanzie wapi kutafuta msaada, mimi humjibu kwamba aanze na jina la ugonjwa: lipatikane hospitalini, kisha lisemwe waziwazi mbele ya ukoo na majirani, maana misaada mingine yote huja kwa urahisi baada ya hapo, na kabla ya hapo huja kwa shida au haiji kabisa.

Demensia ni maradhi ya ubongo, wala si sehemu ya lazima ya uzee. Mwaka 1906 tabibu Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza mabadiliko aliyoyakuta katika ubongo wa mwanamke aliyefariki baada ya miaka ya kusahau na kuwashuku watu wake wa karibu, na aina hiyo aliyoieleza ndiyo iliyo nyingi zaidi hata leo. Ipo nyingine pia, itokanayo na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika, ambayo aghalabu hufuata shinikizo la damu na kisukari visivyotibiwa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na maradhi haya, na kwamba zaidi ya asilimia 60 kati yao wamo katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Dawa ya kuyaponya haijapatikana.

Wapo wanaouliza faida ya kwenda hospitali ni nini, maadamu dawa ya kuponya hakuna. Faida ni kubwa, kwa sababu si kila mzee anayechanganyikiwa ana demensia: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea, kaswende iliyokaa mwilini miaka mingi, virusi vya ukimwi, huzuni nzito baada ya kufiwa na mwenzi, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka, au hata dawa nyingi zinazomezwa pamoja, vyote vyaweza kumfanya mtu asahau, na vyote vina namna ya kutibiwa. Tena mzee aliyekuwa mzima juzi na leo hatambui watoto wake, huyo asingojewe, kwani malaria au ambukizo la mkojo huweza kumchafua akili kwa siku moja. Mlango wa kwanza ni zahanati iliyo karibu, na ikilazimu, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Aende naye yule anayeishi na mgonjwa kila siku, achukue dawa zote zinazotumika nyumbani, za hospitali na za miti shamba pia, na asiondoke kabla ya kuomba maneno machache ya maandishi yanayotaja ugonjwa.

Karatasi hiyo ina sitara ndani yake. Ukoo ukutanishwe, na mhudumu wa afya ya jamii, mmoja katika wale wapatao 100,000 ambao serikali ya Kenya iliwatuma nyumba kwa nyumba kuanzia Septemba 2023, aalikwe aeleze kwa Ekegusii, lugha ya hapa, yale tabibu aliyoyasema. Kisha naibu wa chifu apewe habari, na mchungaji au katekista, na vijana wa bodaboda walioko stejini, ili mzee akionekana njiani usiku, wa kwanza kumkuta awe ni mtu anayejua. Na akitokea mwenye kuropoka neno la uchawi, akumbushwe kwamba Sheria ya Uchawi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1925, inaihesabu shutuma ya namna hiyo kuwa kosa, na kwamba ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 imempa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kusalimika na dhuluma.

Baada ya hapo zimebaki jioni, nazo ni nyingi. Saa kumi na mbili, vivuli vikiwa vimerefuka, bibi mzee hukunja leso zake, akazitia katika mfuko, akasema anakwenda kwao kwa mama yake, ambaye alikufa miaka mingi iliyopita. Mkaza mwana, aliyechoka kwa kuchuma chai tangu asubuhi, humwambia, "Mama, hapa ndipo kwako, na mama yako alishakufa," na yule mzee, anayeusikia msiba huo kana kwamba ni wa leo, hupiga yowe mpaka majirani wakatoka. Angalimwambia, "Haya Mama, nikusindikize," wakafuatana mpaka langoni, akamwuliza mama yake alikuwa akipika nini, kama mboga zake za chinsaga zilikuwa chungu au zilitiwa maziwa, aghalabu ile haja ya kuondoka ingalipoa na wote wawili wangalirudi kwa amani. Wako watakaosema kwamba huko ni kudanganya. Mimi nauona ni upole kwa mtu ambaye ukweli wetu umekwisha kumtoka mikononi. Taa iwashwe kabla giza halijaingia, komeo litiwe mahali asipozoea kutazama, moto wa jikoni usiachwe peke yake naye, na nambari ya simu ya nyumbani ishonwe kwenye upindo wa nguo yake.

Nani hufanya yote haya? Shirika la Afya Duniani linasema kwamba walezi wa jamaa hutumia wastani wa saa tano kila siku, na kwamba asilimia 70 ya saa za kuuguza hutolewa na wanawake. Katika Gusii, nchi hii ya Kisii na Nyamira, ambako binti huolewa akaenda zake, mwanamke huyo mara nyingi ni mke wa mwana, ilhali mwana mwenyewe yuko Nairobi na hutuma fedha kwa simu. Fedha hizo ni neema, nami siwabezi wanaozituma. Lakini haziwezi kukesha na mgonjwa. Desemba, jamaa wanaporudi nyumbani, kigawanywe kitu kilicho adimu zaidi, nacho ni siku: nani atakuja juma lipi, ili anayeuguza alale usingizi wa usiku mzima. Abagusii walikuwa na egesangio, kikundi cha majirani waliolimiana mashamba kwa zamu. Sioni kwa nini utaratibu huo huo usitumike kwa kuketi na mgonjwa alasiri mbili za juma, na akina mama wa Dorkasi katika makanisa ya Waadventista, au wa jumuiya za Kikatoliki, wana tayari orodha ya watu na siku ya kukutana.

Msaada wa mbali nao upo. Shirika la Alzheimer na Demensia la Kenya, lililoanzishwa Nairobi na Elizabeth Mutunga, binti aliyeyajua maradhi haya kwa baba yake mwenyewe, huwakutanisha walezi wazungumze na wenzao. Na Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 mafunzo ya walezi yaitwayo iSupport, yenye sehemu nzima ihusuyo kujitunza. Kuhusu fedha, mzee aliyetimiza miaka 70 aandikishwe katika mpango wa serikali wa Inua Jamii, ambao umekuwa ukitoa shilingi 2,000 kwa mwezi, na jina la mlezi liandikwe pamoja na lake ili aweze kumpokelea. Na familia ijisajili katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya bima ya afya ya NHIF Oktoba 2024. Mambo ya shamba yasikawie: mzee aulizwe matakwa yake mapema, angali na fahamu, mbele ya mashahidi wa ukoo, maana nyuma ya shutuma nyingi za uchawi umefichwa mpaka wa ardhi.

Na mlezi mwenyewe nani anamtazama? Asiyelala, anayelia bila sababu, anayejikuta amenyanyua mkono kumpiga mzee, huyo amechoka kupita kiasi, na anahitaji kupumzishwa juma hilo hilo kabla ya kulaumiwa. Siku ya kumpeleka mgonjwa kliniki, mlezi naye apimwe shinikizo la damu, aulizwe analalaje, na jamaa aliyefuatana nao alisikie jibu lake.