Mtoto njo anatumwa farmasi: tumufundishe kusoma paketi

Mimi si muganga, nilisoma agronomia. Lakini neno hili la dawa linatugusa wote, zaidi sana ninyi munaofundisha mu shule.

Hapa kwetu mashariki, mara nyingi mwenye kununua dawa si mtu mzima. Mama anapatia mtoto wa miaka 10 pesa kidogo: "Kimbia, leta vidonge viwili vya homa." Muuzaji anakata viwili na makasi, anavifunga mu karatasi. Jina la dawa na tarehe ya mwisho vinabaki kwenye paketi, mule mu farmasi. Na paketi yenyewe imeandikwa Kifaransa ao Kiingereza, na mu nyumba nyingi mwenye anaweza kuisoma ni yule yule mtoto.

Njo maana naona tuanzie shule ya msingi. Tusiombe kozi mpya, programu imejaa, na tangu masomo ya bure ya 2019 madarasa nayo yamejaa. Saa ya hesabu inatosha.

Chukua dawa ya malaria ya artemeteri na lumefantrini, ile ya 20/120. Kipimo kinafuata uzito: kilo 5 mpaka 14 ni kidonge 1, kilo 15 mpaka 24 ni 2, kilo 25 mpaka 34 ni 3, kuanzia kilo 35 ni 4. Mara 2 kwa siku, siku 3. Lete mizani, kila mwanafunzi ajipime. Wa kilo 28 atameza ngapi? 3 × 2 × 3 = 18. Mtu mzima 24. Kisha uwaulize juu ya paketi ya 80/480, ambayo kidonge 1 ni sawa na 4 vya ile ya kwanza: mtu mzima anamaliza 6 tu! Mwenye kuhesabu vidonge bila kusoma miligramu anapotea hapo.

Mtoto mwenye alifanya hesabu hiyo, wakimutuma vidonge viwili, atauliza vingine 16 viko wapi. Najua mutasema mama hana pesa ya 18. Ni kweli. Lakini si kila homa ni malaria, kwa hiyo kipimo cha damu kije mbele ya vidonge. Kikionyesha hakuna malaria, ile pesa ya viwili nayo ingepotea bure.

Juu ya nini nusu ya dawa ni mbaya? Mulimaji wa nyanya anajua. Ukipuliza dawa ya wadudu kidogo kuliko kipimo, wale zaifu wanakufa, wenye nguvu wanabaki, na wao njo wanazaa. Mikrobi na antibiotiki ni vile vile. Alexander Fleming, mwenye aligundua penisilini, alionya juu ya jambo hilo tangu 1945. Na ile amoxi ya kumeza juu ya mafua haisaidii kitu, mafua yanaletwa na virusi.

Kusoma hakumalizi yote. Mu Ituri, mwisho wa 2014 mpaka 2015, mamia ya watu walifika hospitali shingo na uso vimekakamaa, watu wakafikiri ni meninjiti. Vipimo vikaonyesha kwamba vidonge walivyomeza, vilivyouzwa kwa jina la diazepamu, vilikuwa na haloperidoli, dawa ingine kabisa. Hapo jina la paketi lilidanganya. Lakini tangazo la hatari likitoka, mwenye alichunga paketi anaweza kulinganisha namba ya loti. Mwenye alipewa karatasi hana kitu.

Kwa somo, wanafunzi walete paketi tupu, vidonge vibaki nyumbani. Waandike mu kaye jina, miligramu, loti, tarehe. Hatutafuti waganga wadogo wa kutibu wenzao. Tunatafuta mtoto wa kusema mbele ya muuzaji: "Papa, nionyeshe paketi kwanza." Akikataa, mtoto arudishe pesa kwa mama.