Twendeni Amu na Watoto, Wazee Wangalipo



Alasiri moja, katika madrasa yetu hapa Ruiru, tulikuwa tukiwasomesha watoto habari za miji ya kale ya pwani. Tulipofika Lamu, mtoto mmoja alinyanyua mkono akatuuliza, "Sheikh, huko Lamu watu huegesha magari wapi?" Wenzake hawakucheka, kwani nao hawakulijua jibu. Tukamweleza kwamba vichochoro vya mji ule ni vya watu na punda, na gari halina pa kupita. Lakini swali lile lilituchoma, maana baba wa aliyeuliza ni mzawa wa Lamu, na bibi yake yu hai huko hadi leo.

Sisi tuliotoka pwani tukaja Thika na Ruiru kutafuta riziki, wengine viwandani, wengine madukani, wengine katika kusomesha, tumewalea watoto wetu kwa neema nyingi, alhamdulillah. Wakati wa likizo huwapeleka Fourteen Falls wakayatazama maporomoko ya Mto Athi, au tukaupanda mlima wa Ol Donyo Sabuk, nao hurudi na furaha. Hayo ni mema, na Qur'ani yenyewe yatuhimiza kutembea katika ardhi na kuzingatia. Ila ni ajabu mtoto akayajua maporomoko ya jirani asiijue baraza aliyokaa babu yake.

Nasi hatujitoi katika lawama hii. Shangazi yetu wa Lamu alituita kila mwaka, nasi kila mwaka tukamwambia, "Mwakani, inshaallah." Mara karo, mara nauli, mara kazi. Tulipokwenda hatimaye, tulikwenda kumzika. Nyumba tuliikuta imesimama, lakini nani aliijenga, ni bibi yupi aliyeozwa humo, na kaburi la babu mkuu ni lipi, hayo aliyajua yeye, na ameondoka nayo. Kwa hiyo tunaandika makala haya ili jamaa zetu wa huku bara waijue njia, wajue cha kumwonyesha mtoto, na wasichelewe kama tulivyochelewa.

Safari yenyewe si ngumu. Atokaye Ruiru hushika barabara ya Eastern Bypass hadi karibu na Syokimau, akapanda treni ya SGR mpaka Miritini, Mombasa. Kutoka Mombasa huenda kwa basi kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha akavuka kwa boti. Mwenye uwezo hupanda ndege Nairobi akashuka kiwanja cha Manda, ng'ambo ya mji. Anayepita nchi kavu na asafiri mchana, na awaulize kwanza wenye mabasi hali ya njia ilivyo. Na asisahau ruhusa ya msafiri katika sala: katika madhehebu yetu ya Shafi, anayenuia kukaa mahali siku 4 kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, hutimiza sala zake tangu afikapo.

Boti ikikaribia, mwambieni mtoto autazame mji kutoka baharini, kwa maana ndivyo wageni wote walivyouona tangu zamani. Mji huu wa mawe ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na sababu mojawapo ni kwamba ungali unakaliwa na wenyewe. Watu wanasali, wanaoa na kuuza samaki mumo humo.

Anzeni na ngome, iliyo katikati ya mji mbele ya uwanja wa soko. Baada ya watu wa Lamu kuwashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa katika vita vya Shela, yapata mwaka 1812, walihofia kulipiziwa kisasi wakaomba himaya ya Sayyid Said wa Oman, na ngome ikakamilika karibu na mwaka 1821. Tangu 1910 hadi 1984 ilikuwa jela, na leo ni mahali pa makumbusho. Mpandisheni mtoto juu ya ukuta aone mapaa ya mji wote, kisha mwelezeni kwamba vita vile vilikuwa baina ya Waislamu kwa Waislamu. Hilo nalo ni somo.

Kisha nendeni kwenye nyumba ya Kiswahili iliyohifadhiwa kuwa makumbusho, ambayo ni ya karne ya 18. Hapo ndipo watoto wetu hujifunza zaidi, kwa kuwa kila pembe ina jina lake. Kuna daka, pale mgeni anapopokewa kabla ya kuingia. Kuna zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo na vitabu. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, na mtoto akiuliza kwa nini, mwambieni aangalie dari. Dari hushikwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Mlango nao haukutazamana na ua, ili mpita njia asiwaone watu wa ndani. Hapa sitara imejengwa kwa mawe na chokaa, na mtoto aliyekulia katika ghorofa za kupanga za Ruiru ataielewa kwa macho kuliko tunavyoweza kumweleza kwa maneno.

Kwa binti zetu, mkiwa Lamu watajieni Mwana Kupona binti Msham, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa wasia. Aliishi katika mji huu, na utenzi wake ungali unasomwa. Binti ajue kwamba katika vichochoro hivi wanawake walishika kalamu tangu zamani.

Msikiti wa Riyadha ni lazima. Uliasisiwa karibu na mwaka 1900 na Habib Saleh, sharifu aliyetoka Visiwa vya Ngazija, ambaye aliwafungulia milango ya elimu watu wanyonge waliokuwa wakinyimwa. Kila Mfungo Sita wageni humiminika hapo kwa Maulidi kutoka pwani yote. Waliosomea madrasa huku bara wengi walisomeshwa na wanafunzi wa wanafunzi wa pale, hata kama hawajui.

Siku ya pili tembeeni ufukweni hadi Shela, mwendo wa kiasi cha dakika 40. Huko kuna msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1829 wenye mnara mweupe uliochongoka. Nyuma ya kijiji kuna vilima vya mchanga. Mtoto atataka kuviteleza, lakini aambiwe kwamba mchanga ule ndio unaohifadhi maji matamu ya visima vya Lamu. Ukiharibiwa, mji utakunywa chumvi.

Mkipata siku ya tatu, kodini mashua mwende Takwa, kisiwani Manda. Mkondo wake hupita katikati ya mikoko, na haupitiki ila maji yakijaa, kwa hiyo mfuateni nahodha katika saa atakayosema. Takwa ulikuwa mji wenye ukuta, msikiti wa Ijumaa na kaburi la mnara, na watu wake waliuhama katika karne ya 17. Sasa mibuyu imeota palipokuwa na majumba. Hatujui mahali bora pa kumfahamisha kijana kwamba mji hufa watu wake wanapouacha.

Na hilo ndilo tunaloliogopa. Nyumba nyingi za Shela na za mji wenyewe zimekwisha nunuliwa na wageni. Hatuwalaumu wanunuzi, kwani mali ikiuzwa kwa haki ni halali kwao. Lakini mrithi aliyezaliwa Thika, asiyewahi kuketi katika daka la nyumba ile, atazuiwa na nini asiuze? Kwake ni bati na mawe, na bei ni nzuri.

Basi mkienda, mavazi yawe ya stara, kamera isielekezwe kwa watu bila idhini, na msiingie msikitini kama watalii. Kabla ya ngome na makumbusho, nendeni kwanza kwa mzee wenu. Mtoto ampe mkono, na achukue daftari. Amwulize jina la babu wa babu, nani alijenga, nani kazikwa wapi. Mzee akinyamaza kidogo, msubirini.

Yule mtoto wa madrasa tumezungumza na baba yake. Wanakwenda likizo ya Disemba, inshaallah, na daftari tumempa sisi.

Wabillahi tawfiq.